Kuifikisha betri ya saa ngumu Uhuru na kurudi nayo Mweka

Mlimani Kilimanjaro wapagazi huitwa wagumu, na jina hilo mtu hapewi bure. Mgumu hubeba hadi kilo 20, hutoka kambini baada ya mgeni na hufika kambi inayofuata kabla yake, na mgeni akitokeza hema limeshasimama na maji yanachemka. Mimi nilianza hivyo, mzigo kichwani, miaka kadhaa kabla ya kupata leseni ya kuongoza wageni. Basi mgeni mmoja aliponiachia saa yake mwisho wa safari, saa nyeusi nene ya vitufe vitano ambayo boksi lake lilisema imepimwa kwa viwango vya kijeshi, wagumu wa kundi letu waliipokezana mkono kwa mkono. Mmoja akaigonga kwenye jiwe. Mwingine akaizamisha kwenye beseni la maji ya kunawa. Haikupata hata mkwaruzo, na jina likapatikana papo hapo: mgumu mwenzetu.

Msimu uliofuata mgumu mwenzetu alizima mita kama 300 chini ya Stella Point, pale kwenye ukingo wa kreta kabla ya Uhuru. Ilikuwa saa kumi usiku, upepo unakata, nami nilikuwa nimeivaa saa juu ya koti ili niione kwa urahisi. Nilikuwa na wageni 4. Mmoja wao, mama wa makamo, alikuwa anapanda kwa namba: kila baada ya nusu saa aliuliza mwinuko, nikamtajia, akaitikia kwa kichwa, akaendelea. Namba ndiyo iliyokuwa inamvuta. Alipouliza tena nikabonyeza kitufe, kioo kikabaki cheusi. Mara ya mwisho kuitazama ilikuwa na asilimia 31. Msaidizi wangu aliyekuwa nyuma ya mstari akapaza sauti, "Kaka, tupo ngapi hapo?" Nikajibu kwa kukisia, na yule mama akajua kwamba ninakisia. Alifika kileleni, lakini sehemu ile ya mwisho aliipanda bila namba zake, na mimi niliona nimemnyima kitu nilichomwahidi tangu getini.

Tuliporudi kambi ya Barafu niliitoa saa mfuko wa ndani wa shati nilikokuwa nimeitia, nikabonyeza tena. Ikawaka. Asilimia 26. Chaji ilikuwemo muda wote.

Nimepanda mara nyingi tangu usiku ule na saa hiyohiyo, na haijanizimikia tena. Betri sijabadilisha. Nilichobadilisha ni mgao. Mpishi wetu hupima gesi siku kwa siku tangu tunaondoka, na mtungi wa mwisho hauguswi mpaka Barafu, kwa sababu chai ya saa tano usiku kabla ya kupanda ndiyo chai isiyoruhusiwa kukosekana. Betri naigawa vivyo hivyo: fungu kubwa ni la usiku wa kilele, siku nyingine zinakula kilichobaki. Nitaeleza ninavyofanya, na hata kama wewe unapanda Meru, unakimbia mbio ndefu au unashinda porini na kazi nyingine, hesabu ni ileile.

Hesabu kwanza, ukiwa bado Moshi

Kwenye maelezo ya saa yoyote ya aina hii tafuta namba mbili: inakaa siku ngapi ikiwa saa ya kawaida, na inakaa masaa mangapi GPS ikiwa imewashwa. Nitachukua mfano wa Garmin Instinct 2 ya mwaka 2022, kwa sababu wageni huja nayo mara kwa mara: siku 28 kwa matumizi ya kawaida, masaa 30 kwa GPS. Instinct ya kwanza, ya mwaka 2018, ni siku 14 na masaa 16.

Sasa ziweke namba hizo kwenye njia. Machame ya siku 7, kwa mwendo wa makundi yangu: geti hadi kambi ya Machame masaa 6, Shira 5, Lava Tower na kushuka Barranco 7, ukuta wa Barranco hadi Karanga 4, Karanga hadi Barafu 4. Hapo ni masaa 26. Usiku wa kilele, yaani kupanda Uhuru, kurudi Barafu, kupumzika kidogo na kushuka kambi ya Mweka, ni mwendo wa masaa 14. Siku ya mwisho hadi geti la Mweka, masaa 3. Jumla 43.

Mwenye saa ya masaa 30 akiwasha GPS kila asubuhi kama wageni wengi wanavyofanya, anafika Barafu amebakiwa na masaa 4, na hapo hatujatoa kinacholiwa usiku akiwa amelala. Safari inayomleta kutoka kwao ndiyo hiyo ya masaa 14, naye ana 4.

Mgao wangu kwa saa hiyohiyo: siku tano za kwanza GPS haiwaki. Siku 28 maana yake kila siku inaondoka na asilimia 3 na nusu hivi, kwa hiyo siku tano ni kama 18. Usiku wa kilele, masaa 14 kati ya 30 ni asilimia 47. Jumla 65. Inabaki 35 kwa ajili ya baridi na dharura, na hujagusa waya wa chaji tangu Moshi. Mwenye ile ya 2018 hesabu inambana zaidi. Siku tano zinamla asilimia 36. Zile 64 zilizobaki ni masaa 10 tu ya GPS, ambayo yanamfikisha Uhuru na kumrudisha Barafu kwa kubahatisha. Yeye itabidi aichaji Barafu mchana, au atumie UltraTrac, hali ya kuiwasha GPS kwa vipindi, ambayo saa ile inaandikiwa masaa 40. Ukishaona namba zako kwenye karatasi utajua wewe ni wa kundi gani.

Kisha kumbuka kwamba hizo ni namba za hali nzuri. Kileleni usiku joto hushuka nyuzi 10 chini ya sifuri, na kukiwa na upepo mbaya zaidi ya hapo.

Baridi

Hapa ndipo watu wengi wanapoilaumu betri kwa kosa lisilo lake. Mwezi wa saba Moshi, asubuhi, mafuta ya nazi huganda kwenye chupa. Mafuta yamo, unayaona, lakini ukiinamisha chupa hakitoki kitu. Betri ya lithiamu-ioni inafanana na chupa hiyo. Umeme ndani yake unategemea chembe zinazosafiri ndani ya kimiminika kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kikipoa sana, chembe zinakwenda kwa shida. Saa ikiwa imetulia inavumilia. Lakini ikitaka umeme mwingi kwa mara moja, GPS inatafuta setilaiti, taa inawaka na mtetemo unapiga kwa pamoja, volti zinaporomoka chini ya kiwango ilichowekewa, na saa inajizima ili kuilinda betri. Asilimia 31 zangu hazikwenda popote. Ziliganda.

Kwa hiyo saa ivaliwe kwenye ngozi. Juu ya ngozi, chini ya nguo za ndani, chini ya koti, na mdomo wa glavu uifunike. Mwili wako una nyuzi 37 na unagawa joto hilo bure usiku kucha. Wageni wanapenda kufungia saa juu ya koti, kama nilivyofanya mimi, na kabla hatujatoka Barafu huwa naomba kila mmoja anionyeshe mkono. Anayesema atashindwa kuisoma namwonyesha ninavyovaa mimi: kioo kinageukia ndani ya mkono, upande wa mishipa. Kuisoma naingiza vidole viwili vya mkono wa pili kwenye mdomo wa glavu, naivuta kidogo, nasoma, naachia. Sekunde tatu. Upepo haujaigusa.

Usiku wa kuamkia kilele, jioni ile mnayolala saa moja, saa isibaki mkononi nje ya mfuko wa kulalia wala kuning'inia kwenye kamba ya hema. Iingie ndani ya mfuko pamoja na simu, tochi ya kichwani na pawabenki. Mimi navitia vyote kwenye soksi moja nene, soksi inakaa tumboni. Ukitoka saa sita usiku unaanza na betri yenye joto la mwili, na betri iliyoanza na joto hupoa polepole.

Ikizima njiani licha ya hayo yote, usiendelee kubonyeza. Kila ukibonyeza inajaribu kuamka, inashindwa, na jaribio lenyewe linakula. Ivue, itie kwapani au mfuko wa shati ulio karibu na ngozi, ipe dakika 20, kisha iwashe na uiache kama saa tu, bila GPS, mpaka jua litoke. Usiipashe kwenye jiko la gesi. Nilimkuta mgeni kaishika juu ya sufuria ya chai. Plastiki ilikuwa imeanza kulainika na betri nayo haipendi moto wa ghafla.

Jambo la mwisho kuhusu baridi, na hili ndilo linaloua betri moja kwa moja: usichaji betri ya lithiamu ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Kuitumia kwenye baridi inakurudishia chaji ikipata joto. Kuichaji kwenye baridi kunafanya lithiamu iliyopaswa kuingia ndani ya pande lake ijibandike juu kama ukoko, na ukoko huo hautoki tena. Saa itajaa hadi 100 na kesho itaisha mapema, na kila safari itazidi kupungua. Barafu nachaji mchana, mara tu baada ya chakula, ndani ya hema lililopigwa na jua. Usiku hakuna kuchaji.

Mwinuko hauhitaji GPS

Hili ndilo lililoniokolea chaji kuliko mengine yote, na mtu hakuniambia. Niliona mwenyewe baada ya kusoma maelezo mara ya tatu. Saa nyingi ngumu zina kipimo cha mgandamizo wa hewa. Kadiri unavyopanda hewa inapungua uzito, na Uhuru mgandamizo wake ni karibu nusu ya ule wa Tanga au Dar es Salaam. Saa inasoma tofauti hiyo na kuigeuza kuwa mita. Kipimo hicho kinakula chaji kidogo sana, na kinafanya kazi GPS ikiwa imezimwa kabisa.

Kasoro yake ni moja: hali ya hewa ikibadilika mgandamizo nao unabadilika, na saa inadhani umepanda au umeshuka wakati umekaa kwenye hema unakunywa uji. Dawa yake ipo mlimani tayari. Kila kambi ina kibao kilichoandikwa mwinuko. Ukifika, fungua sehemu ya altimita, yaani kipimo cha mwinuko, ingiza namba ya kibao. Barafu ni 4,673. Fanya hivyo kila kambi, na jioni ya kilele urudie kabla ya kulala. Usiku ule yule mama alikuwa anataka namba ya mwinuko tu. Hakuhitaji kujua longitudo. Kama ningekuwa nimezima GPS na kuacha kipimo cha hewa peke yake, saa ingehitaji umeme kidogo mno na pengine isingezima hata ikiwa juu ya koti.

GPS basi iwe na kazi maalum. Mimi naiwasha usiku wa kilele, kwa sababu pale juu ukungu ukishuka kati ya Stella Point na Uhuru nataka njia ya kurudi iwe imeandikwa. Siku nyingine naiwasha pale tu ambapo kuna sababu, kwa mfano mgeni anataka kumbukumbu ya ukuta wa Barranco. Ukiiwasha, angalia mambo haya.

Saa za siku hizi zinaweza kusikiliza mifumo kadhaa ya setilaiti kwa wakati mmoja, na nyingine zinasikiliza kwenye masafa mawili. Hiyo inasaidia mjini kati ya maghorofa na ndani ya msitu mnene. Juu ya Shira hakuna ghorofa wala mti. Anga lote liko wazi kutoka pembe hadi pembe. Chagua GPS peke yake.

Jioni kabla ya safari iunganishe saa na simu mara moja ukiwa na intaneti. Saa inapakua makadirio ya mahali setilaiti zitakapokuwa, na kesho yake inazipata haraka badala ya kuhangaika dakika nyingi. Kuhangaika huko kunakula. Pia usifungue ukurasa wa kuanza mazoezi kisha ukauacha wazi ukiwa unasubiri wenzako wajiandikishe getini. GPS imeshaanza kutafuta hata kama hujabonyeza kuanza. Na mkisimama kula, kusitisha safari kwa muda hakuzimi GPS. Mkifika kambini hifadhi na ufunge.

UltraTrac na hali zinazofanana nayo huizima na kuiwasha GPS kwa vipindi. Unapata masaa mengi, lakini mstari unakata kona, na umbali unatoka pungufu. Kwa njia ya kurudi kwenye ukungu inatosha. Kwa mtu anayetaka kujivunia kilomita zake atasikitika, na ni vizuri aambiwe mapema.

Taa na fimbo

Usiku wa kilele ukiwa juu na kutazama chini unaona mistari ya tochi za kichwani inapanda kama siafu. Ukitazama kwa makini mstari wa kundi lako mwenyewe utaona kitu kingine: vimwanga vidogo vinawaka na kuzimika mikononi, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Ni saa. Zimewekwa ziwake mtu anapoinua mkono, na mtu anayetembea na fimbo mbili anainua mkono kila hatua. Niliwahi kuhesabu ya mgeni aliyekuwa mbele yangu, ikawaka mara 22 ndani ya dakika moja. Zidisha kwa masaa saba ya kupanda.

Zima hiyo. Kwenye mipangilio ya mwanga chagua taa iwake kwa kitufe peke yake, muda wake uwe mfupi kabisa unaoruhusiwa, na ukali ushushe hadi asilimia 10 au 20. Kama saa yako ina kioo cha kuakisi, kile ambacho juani kinasomeka vizuri zaidi kuliko kivulini, taa huihitaji hata kidogo: tochi yako ya kichwani ikikimulika unasoma. Mimi usiku wa kilele taa naizima kabisa.

Mwenye kioo cha AMOLED, kama saa za Amazfit T-Rex, ana kioo kizuri cha rangi, lakini kila nukta inayowaka inakula umeme wake yenyewe. Huyo azime kioo cha kuwaka muda wote, achague uso wa saa mweusi wenye maandishi machache, na asiweke mshale wa sekunde. Nyuso za saa za kupakua, zenye hali ya hewa, hatua, mwezi na bendera, aziache nyumbani.

Oksijeni ya damu

Wageni wengi wanawasha kipimo hiki usiku kucha kwa kuogopa ugonjwa wa mwinuko, na naielewa hofu yao. Kipimo kinawasha taa nyekundu na ile isiyoonekana, kinazipenyeza kwenye ngozi ya mkono, kinasoma kinachorudi, na kikifanya hivyo usiku mzima kinakuwa miongoni mwa walaji wakubwa wa betri. Kwenye saa yangu niliona tofauti usiku wa kwanza nilipokizima: kutoka asilimia 8 kulala hadi kuamka, ikawa 2.

Naomba unielewe vizuri hapa kwa sababu hili linahusu uhai. Kusoma oksijeni kwenye kifundo cha mkono, mkono ukiwa wa baridi na mtu anatetemeka, kunatoa namba za kupotosha, juu na chini. Sisi waongozaji tunabeba kipimo cha kidoleni na tunapima kila mgeni asubuhi na jioni, kidole kikiwa kimepashwa moto. Hata hivyo namba peke yake haimpandishi mtu wala kumshusha. Tunauliza kichwa, chakula, usingizi, tunamtazama anavyotembea kutoka hemani hadi mezani. Mgeni anayeyumba anashuka hata saa yake ikisema 90. Weka kipimo cha saa kiwe cha kupima pale unapotaka mwenyewe, na kama unajisikia vibaya mwamshe mwongozaji wako usiku huohuo.

Mapigo ya moyo yanakula kidogo lakini muda wote. Ukitaka kubana zaidi yazime ukiwa kambini.

Mengine nitayapitia haraka. Muunganisho wa simu uzimwe tangu getini. Kuna sehemu za mlima zenye mtandao, na simu ikishika mtandao ghafla baada ya siku mbili, jumbe zote za makundi ya WhatsApp zinamiminika, na kila mmoja unaitetemesha saa na kuiwasha taa. Waifai na muziki, zima. Mlio na mtetemo wa vitufe, zima. Kengele moja ya kuamka inatosha. Masasisho ya programu yafanye wiki moja kabla, kisha uikague mipangilio yote upya, kwa maana baada ya sasisho baadhi ya vitu ulivyovizima huweza kurudi.

Na kabla ya safari ifanyie jaribio la usiku mmoja nyumbani. Andika asilimia saa tatu usiku, andika tena saa kumi na mbili asubuhi. Saa ya siku 28 ikiwa imetulia inapaswa kushuka 1 au 2. Ikishuka 5, kuna kitu kinawaka usichokijua; izime kabisa, iwashe, upitie orodha upya.

Kuchaji mlimani

Betri za saa hizi ni ndogo, mAh mia chache tu, kwa hiyo pawabenki ya 10,000 inaweza kuijaza mara nyingi kuliko utakavyohitaji. Tatizo liko kwingine, na limewashangaza watu wengi. Saa inavuta umeme kidogo sana. Pawabenki nyingi zikiona kinachovutwa ni kidogo zinadhani hakuna kilichochomekwa, zinajizima baada ya muda mfupi. Unaichomeka jioni asilimia 20, unaamka na 27, na unadhani waya umekufa. Chomeka simu kwenye tundu la pili wakati huohuo, pawabenki itabaki macho. Nyingine zina hali maalum ya vifaa vidogo, mara nyingi kwa kubonyeza kitufe mara mbili na kusubiri taa ibadilike rangi. Ijaribu yako nyumbani.

Paneli ya jua mgongoni mwa begi nimeiona sana. Mtu akipita kivulini inakata, akitoka inaanza, na saa inawaka na kutetemeka kila mara kutangaza kwamba inachajiwa. Paneli iijaze pawabenki, na pawabenki ndiyo iichaji saa. Msituni usiitegemee kabisa. Kwa zile saa zenye kioo cha kuvuna jua, Garmin huhesabu kwa masharti ya masaa 3 kwa siku kwenye mwanga wa lux 50,000, yaani jua lenyewe. Chini ya mkono wa koti haipati kitu. Mchana ukifika Shira au Karanga mapema, ivue na uilaze juu ya jiwe ikitazama jua wakati unakula, kisha uirudishe mkononi.

Kabla ya kuchomeka waya wowote futa mgongo wa saa. Jasho, mafuta ya jua na vumbi la volkano hujenga uchafu wa kijani kwenye pini za chaji. Mswaki laini mkavu unatosha. Ukiwa umekauka sana, pamba yenye spiriti kidogo. Pini zikiwa na maji usichomeke.

Ukirudi nyumbani

Ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushe, na usiiweke kwenye dashibodi ya gari wakati mnatoka Mweka kwenda mjini. Joto la dashibodi chini ya kioo huizeesha betri kuliko safari nzima ya mlimani.

Kwa siku za kawaida siijazi hadi 100. Inakaa kati ya 20 na 80, na 100 naiweka usiku mmoja kabla ya safari. Masika yakifika, kuanzia mwezi wa tatu hadi katikati ya wa tano, kazi inapungua na saa nyingi zinaingia kwenye droo zikiwa zimeisha. Droo hiyo imeua saa za wenzangu wawili: betri iliyokaa miezi tupu inashuka mpaka mahali ambapo chaja haiwezi kuiamsha. Ijaze hadi nusu, izime kabisa, iweke pakavu penye kivuli. Mimi naiangalia kila siku ninayolipa kodi ya nyumba: naiwasha, nasoma asilimia, ikiwa chini ya 30 naichaji dakika 20, naizima, nairudisha kwenye soksi yake.